Nyongo Mkalia Ini

Mke wangu ni mtu wa Pangani. Siku za mapenzi
aliniita nyongo mkalia ini,
nami nikacheka, maana ini nililolijua
ni lile la buchani Mwenge,
nusu kilo, la kukaanga na vitunguu mshahara ukitoka.

Leo nimelala Lugalo, shati limepandishwa kifuani.
Daktari, luteni mdogo kuliko binti yangu,
ananipaka kitu cha baridi
na kunionyesha kwenye kioo ini langu mwenyewe:
vilima na makorongo, kama njia ya vumbi baada ya masika.
"Sajenti," anasema, "hili lilianza zamani."

Nilikwenda kutoa damu tu.
Mtoto wa Koplo Hokororo kagongwa na bodaboda Tegeta,
wakaomba chupa, tukaenda sita,
tukapanga mstari kwa mazoea.
Baada ya siku kadhaa watano walipewa kadi zao.
Mimi niliitwa chumbani.

Homa ya ini.
Nikamwambia, lakini mimi sina homa.
Miaka ishirini na tisa sijakosa gwaride,
nimekimbia Kawe hadi Bunju na bunduki mgongoni.
"Ndivyo ilivyo," akasema. "Haipigi kelele.
Inachimba handaki, inakaa."
Akanisemesha kwa lugha yangu, mtoto yule,
na mimi sikutaka aijue.

Kikulacho ki nguoni. Changu
kilikuwa chini ya sare, chini ya ngozi, upande wa kulia.

Usiku nikahesabu, kama tuhesabuvyo silaha jioni.
Yule fundi aliyenichora namba begani
kwa sindano ya cherehani na wino wa kalamu?
Labda.
Halafu nikaukumbuka wembe.

Kuruta arobaini na wawili, asubuhi moja,
ndoo moja ya maji, kipande cha sabuni,
na kinyozi ni mimi, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki.
Wembe ulifika kichwa cha kumi na tatu
ndipo nikautupa nikachukua mwingine.
Palipochanika tulifuta kwa kiganja, tukatania:
"Damu yako ni ya serikali, kuruta, usiihesabu!"
Nami nilinyoa changu kwa wembe uleule.
Wa mwisho? Wa kwanza?
Kama wa mwisho, nilipokea.
Kama wa kwanza, niligawa.
Feni inazunguka, jibu haliji.

Mke wangu jina lake Sikujua.
Alipimwa Jumanne. Hana. Wakamchanja,
akashuka ngazi akishika bega, hakusema kitu.
Nilingoja aniulize: nani?
Nilikuwa nimeandaa viapo.
Aliniwekea uji, akaketi, akauliza:
"Wangapi?"

Akaleta daftari la mapishi, akapindua nyuma,
nikamtajia majina, akaandika.
Masalu, yuko Geita.
Mwasenga, mlinzi wa benki, Ubungo.
Litunu.
Litunu tulimzika Songea mwaka juzi,
macho manjano, tumbo limejaa maji.
Watu walisema karogwa na baba mdogo kwa ajili ya shamba.
Nilitoa rambirambi elfu ishirini,
na mimi nikaamini.
Sikujua kalamu ikasimama hewani, kisha akaandika hivyohivyo.

Tukaanza na Nandonde.
Simu iliita sana.
"Nipo, afande!" Sauti ileile, miaka yote hii.
"Kuna kazi?"
Ipo. Nenda kapime ini. Kesho, kabla ya chai.
Nikamweleza wembe. Nikamweleza ndoo.
Kisha nikameza mate nikamuuliza:
mimi nilinyoa kichwa changu lini?

Akacheka, maskini, kwa furaha ya ukuruta.
"Afande, umesahau? Wewe ulianza!
Ulitaka tuone kwamba hauumi."

Nje walikuwa wanabadilishana lindo.
Mguu pande. Mguu sawa.
Sikujua alinitazama kidogo,
akashusha kidole mstari mmoja,
akanisomea namba inayofuata.